Nguzo za Mkupuo wa Saba

Mzee Bartolomeo alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vizibo vya soda, na ndani ya kila kizibo aliandika namba kwa rangi nyeupe. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguzo za umeme, nje kidogo ya Nyololo, walilicheka sana kopo hilo. Walisema mzee anacheza bahati nasibu kazini. Yeye hakuwajali. Kila nguzo zilipotoka kwenye tangi la dawa na kupangwa uwanjani, alilitikisa kopo, akafumba macho, akachota vizibo ishirini. Nguzo zenye namba hizo ndizo alizozipima, wala si nyingine. Ikiwa nguzo iko juu ya rundo, vyema. Ikiwa iko chini kabisa, trekta liliitwa na rundo zima likapanguliwa, hata kama malori yalikuwa yanangoja na madereva wanapiga honi.

Veneranda alimwona akifanya hivyo mara ya kwanza mwaka 2009. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne kimemshinda kwa hesabu, na amepata kibarua cha kubandua magome ya mikaratusi. Kazi ilikuwa ngumu na mikono ilichanika, lakini kwao walikuwa wakulima wa viazi, na mtoto wa mkulima wa viazi haogopi kuchanika mikono. Mzee alimjua kwa sababu moja tu. Siku moja alikuta nguzo tatu zimewekwa kando peke yake.

"Nani amekwambia uzitenge hizi?" aliuliza.

"Hakuna, baba. Zina ufa ndani. Ukizigonga zinalia vibaya."

Mzee Bartolomeo aliokota jiwe, akazigonga moja moja, akatega sikio. Kesho yake alimwita, akampa koti la mvua na daftari, akamwambia kuanzia leo atatembea nyuma yake.

Kwa miaka sita alitembea nyuma yake. Alijifunza kutumia keekee ya mkono, ile yenye tundu katikati, ambayo ukiizungusha kwenye nguzo inakutolea kijiti chembamba kama penseli. Kijiti hicho unakilaza juu ya ubao na kukinyunyizia kimiminika cha kupimia. Pale dawa ilipoingia, mti unageuka bluu iliyokoza. Pale ambapo haikuingia, mti unabaki na rangi yake. Unapima bluu imefika wapi, unaandika, kisha unaziba tundu kwa kijiti kingine kilicholoweshwa dawa ili maji yasipate njia. Zikishindwa nguzo tatu kati ya ishirini, mkupuo wote, yaani nguzo zote zilizotiwa dawa pamoja, unarudi tangini.

"Kutoboa hata mtoto anaweza," mzee alimwambia. "Kazi yenyewe ni kukubali kutochagua. Jicho ni vivu, binti yangu. Linapenda nguzo iliyo karibu, iliyonyooka, isiyokulazimisha kuinama. Na ubovu unakaa palepale jicho lisikopenda kwenda."

Mwaka 2015 mzee alistaafu akarudi kwake Kihesa, mjini Iringa. Muhuri wa ukaguzi na kopo la vizibo akamwachia Veneranda. Wakati huo alikuwa ameshaolewa na Zabron, dereva wa malori ya mbao, na walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Benedicta. Watu wa kiwandani waliacha kumwita kwa jina lake wakamwita Mama Bene, na hata meneja, Bwana Rabson, aliyekuwa na haraka siku zote, alijua kwamba Mama Bene akisema mkupuo unarudi, unarudi.

Sasa sikiliza kilichompata.

Ilikuwa wiki ya tatu ya Januari 2018. Mufindi nzima ilikuwa chini ya ukungu, mvua inanyesha ile ya taratibu isiyojua kukatika. Mkupuo wa saba wa mwaka huo ulikuwa umetoka tangini, nguzo mia moja na arobaini, na malori yalikuwa yamekuja kuzichukua kuzipeleka Mbarali, ambako vijiji vilikuwa vinaingiziwa umeme. Veneranda alikuwa anatoboa nguzo ya pili simu ilipoita. Ni mdogo wake wa kike, kutoka hospitali ya Mafinga. Benedicta, aliyeachwa asubuhi akikohoa, alikuwa ameshindwa kupumua. Homa ya mapafu. Wamemwekea hewa.

"Njoo, dada," yule mdogo wake alisema. "Njoo sasa hivi."

Zabron alikuwa safarini Dodoma. Veneranda alitoboa nguzo nyingine nne, zote za juu, zote zilizokuwa karibu na mkono wake. Vijiti vyote sita viligeuka bluu safi. Akalitazama rundo lililobaki, na trekta, na mvua. Vizibo alivyokuwa amechota kwenye kopo hakuvitazama tena. Akaingia kwenye kibanda cha ukaguzi, akakaa, na mistari kumi na minne iliyobaki kwenye fomu akaijaza kutoka kichwani mwake. Milimita thelathini. Thelathini na mbili. Ishirini na tisa, ili isionekane imetungwa. Akapiga muhuri, akatoka anakimbia kutafuta bodaboda.

Mtoto alipona. Alilazwa siku tisa, na siku ya kumi aliomba ugali kwa maharage, akala akamaliza. Veneranda alilia kwa furaha mpaka nesi akamcheka.

Aliporudi kazini mwezi Februari alipima mkupuo uliofuata kwa utaratibu wake wote, na nguzo saba kati ya ishirini zikashindwa. Alizichunguza akaona tatizo. Marundo ya kukaushia yaliyokuwa upande wa bondeni yalikuwa yameloa, nguzo za chini zimejaa maji, na mti uliojaa maji haunywi dawa. Akajua palepale kwamba nguzo za mkupuo wa saba zilitoka kwenye marundo hayohayo. Akajua, akanyamaza. Alijiambia kwamba labda ni chache. Alijiambia kwamba zile sita zilikuwa nzuri. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu, naye akawa mkaguzi mkali kuliko zamani, kana kwamba ukali wa leo unaweza kulipia uzembe wa juzi.

Machi 2021, Bwana Rabson aliingia kibandani na simu mkononi. Alimwonyesha picha ya kibati kidogo cha namba, kile kinachopigiliwa kwenye kila nguzo kabla haijaondoka. Kilikuwa na matope, lakini namba zilisomeka. Kumi na nane, sifuri saba: mwaka 2018, mkupuo wa saba.

"Nguzo hii imekatika Ubaruku, kule Mbarali," alisema. "Imekatika chini kabisa, kwenye usawa wa ardhi, na fundi akiwa juu yake. Nitolee faili tuone."

Veneranda alilitoa faili. Rabson alilisoma akashusha pumzi.

"Ishirini kati ya ishirini. Basi kosa si letu. Watakuwa walichimba shimo fupi hao. Nitawaandikia."

"Huyo fundi," Veneranda aliuliza, "amekufa?"

"Hajafa. Aliangukia kwenye majaruba ya mpunga, matope yakampokea. Ila nyonga imevunjika na paja. Yuko Chimala, hospitali."

Siku ile hakusema kitu. Alifika nyumbani, akapika, akawapa watu chakula, akaketi mbele ya sahani yake mpaka chakula kikapoa. Asubuhi aliomba ruhusa, akapanda gari kwenda Iringa.

Mzee Bartolomeo alikuwa shambani nyuma ya nyumba yake, anapalilia maharage. Miaka ilikuwa imempunguza mwili lakini sauti ilikuwa ileile.

"Kamwene, binti yangu. Mbona uso umekauka?"

Veneranda alimsimulia yote akiwa amesimama katikati ya matuta, bila hata kuweka mkoba chini. Hakumficha mvua, wala vijiti sita, wala mistari kumi na minne, wala mwezi wa Februari alipojua akanyamaza. Alingoja akemewe. Aliona afadhali akemewe na mtu huyu kuliko na mwingine yeyote duniani.

Mzee aliegemea jembe.

"Kwa nini hukuniita siku ile?" aliuliza. "Nilikuwa na simu. Ningekuja na gari la kwanza nikakupimia, wewe ukaenda kwa mtoto."

"Sikufikiria, baba."

"Hukufikiria kwa sababu ulizoea kubeba peke yako. Na kosa hilo ni langu kidogo, mimi ndiye niliyekufundisha hivyo." Alitikisa kichwa. "Sikiliza. Ulipokosea ulikuwa peke yako. Ukienda kusema, hutakuwa peke yako. Ngoja nioge."

Akaoga, akavaa koti lake la kanisani, wakapanda gari pamoja kurudi kiwandani. Njia nzima hakumsema wala hakumliwaza. Alimuuliza tu habari za Benedicta, kama amejua kusoma, na kama bado ana kifua.

Rabson aliposikia, alipasuka. Aligonga meza, akasema Veneranda amemzika yeye na watu themanini wanaokula kwa kiwanda kile. Alisema barua ya kukana kosa ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mzee Bartolomeo alikaa kwenye kiti cha pembeni akiwa ameshika kofia yake, akamwacha ayamalize maneno yote.

"Umemaliza, mwanangu?" alisema. "Basi jiulize jambo moja. Hizo nyingine mia na thelathini na tisa, nani amepanda leo?"

Rabson hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Aliitazama barua iliyokuwa mezani, akaichana. Siku hiyohiyo aliliandikia shirika lililonunua nguzo na mkandarasi aliyezisimamisha kwamba mkupuo wa saba haukupimwa inavyotakiwa, kwamba hakuna fundi anayepaswa kuzipanda, na kwamba kiwanda kitabadilisha kila nguzo itakayokutwa mbovu. Veneranda akasimamishwa kazi miezi mitatu, akanyang'anywa muhuri. Aliona adhabu ni ndogo.

Walipotoka nje mzee alimuuliza, "Na fundi umeshamwona?"

"Bado, baba. Naogopa."

"Kaogopee hukohuko mbele yake."

Fundi mwenyewe aliitwa Kashindye. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Wazazi wake ni Wasukuma walioteremka na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakakaa bonde la Usangu, na yeye alizaliwa hukohuko Ubaruku. Veneranda alimkuta amelala chali, mguu umevutwa kwa uzito, na kando yake ameketi mama mmoja mrefu, mkavu, kanga kichwani. Huyo ndiye Sarah, mama yake mzazi. Veneranda alisalimia, akajitambulisha, na kabla hajapewa kiti alikuwa ameshasema. Alipofika kwenye kuomba msamaha akaanza kulia.

Sarah alimtazama bila kupepesa.

"Mama," alisema, "machozi yako mimi sina pa kuyaweka. Nguzo nyingine ziko wapi?"

Veneranda alijifuta uso. "Sijui, mama. Ninazo namba za vibati. Lakini ipi ilisimamishwa wapi, mkandarasi anasema kumbukumbu zake hazijakamilika. Anasema itachukua muda."

"Muda gani? Huko kuna watoto wanafunga mbuzi kwenye hizo nguzo."

Hapo sauti ikatoka kitandani, nyembamba kwa maumivu.

"Mimi ninajua ziko wapi."

Wote wawili waligeuka. Kashindye alikuwa ameyafumba macho.

"Nilikuwa kwenye kikosi kilichozisimamisha," alisema. "Kila shimo nilichimba mimi au nilimsimamia aliyechimba. Simu yenye picha za nguzo tulizosimamisha ilizama kwenye matope pamoja nami. Lakini mashimo ninayakumbuka. Mtu hasahau shimo alilochimba kwenye udongo wa Usangu. Chukua kalamu, dada. Tuanzie barabara ya mashine za mpunga."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Kiwanda kilimpa Veneranda keekee na kimiminika, mkandarasi akatoa mafundi wawili wenye pikipiki, na mzee Bartolomeo, mwenye miaka sabini na nne, akakataa katakata kurudi Iringa. Alipanga chumba Chimala. Kila asubuhi Veneranda alipita hospitali, Kashindye akamsomea kichwani mwake kipande cha siku hiyo. Nguzo ya kwanza ng'ambo ya mfereji. Ya pili penye mkwaju uliopigwa radi. Ya tatu tulichimba siku mbili, kuna mwamba, mwenye nyumba alituletea maziwa mgando. Veneranda aliandika, akaenda, akaikuta nguzo palepale, na mara nyingi hata maziwa mgando wakaletewa tena.

Safari hii hapakuwa na sampuli. Zilipimwa zote. Waligonga kwa nyundo, wakasikiliza, wakafukua udongo kiasi cha goti kuzunguka mguu wa nguzo, wakatoboa, wakanyunyizia. Nyingi zilikuwa salama, bluu mpaka ndani. Iliyokuwa mbovu ilijulikana hata kabla ya kutoboa, maana huku Usangu mchwa hawana subira. Juu nguzo inang'aa, na chini koleo likiigusa linazama. Hizo walizipiga alama nyekundu, umeme ukakatwa, na lori la kiwanda likaleta nyingine.

Jioni Veneranda alirudi hospitali kutoa taarifa. Siku nne za kwanza Sarah hakumsemesha zaidi ya salamu. Siku ya tano alimkuta nje, anaanua nguo za mgonjwa.

"Mwangaluka," Sarah alimpa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa jua lilikuwa linazama, akajicheka mwenyewe kwa uchovu. "Leo mmepata mbovu ngapi?"

"Nne, mama. Moja ilikuwa nyuma ya zahanati."

"Nne." Sarah alizikunja nguo taratibu. "Basi watu wanne Mungu amewaona." Akamsogezea bakuli la wali. "Kula. Huwezi kuzunguka juani kutwa nzima na tumbo tupu."

Veneranda alikula wali ule akiwa amechuchumaa kwenye baraza la wodi. Baadaye aliwahi kumwambia mumewe kwamba katika maisha yake amekula vyakula vingi, vya harusi na vya sikukuu, lakini hajawahi kukishukuru chakula kama kile.

Mwishoni mwa wiki ya tano walikuwa wamezipata nguzo mia moja thelathini na saba. Ukihesabu na ile iliyokatika, zilibaki mbili. Kashindye alipekua kichwa chake mpaka akachoka. Alikuwa na hakika zilisimamishwa kando ya shamba moja la mpunga, lakini mafundi walikwenda mara tatu wakakuta jaruba tupu. Kumbukumbu za kiwanda zilionyesha hazikurudishwa. Mtu hawezi kuiba nguzo mbili zilizosimama.

Alhamisi asubuhi Veneranda aliingia wodini akamkuta Kashindye ameinuka kwa viwiko, jasho linamtoka.

"Dada, mimi mjinga! Mwenye shamba alizikataa! Alisema zitamzuilia trekta. Tulizing'oa wiki ileile tukazipeleka mnadani."

"Mnadani wapi?"

"Mnada wa ng'ombe. Moja langoni, moja katikati pale penye wauza nyama choma. Na kesho ndiyo siku ya mnada!"

Waliondoka wote, hata mzee Bartolomeo alipakiwa nyuma ya pikipiki na kofia yake. Uwanja wa mnada ulikuwa mtupu bado, kuna wanawake wachache tu wanaofagia vibanda. Nguzo ya langoni ilikuwa nzima. Ile ya katikati ilikuwa imezungukwa na mabenchi. Watu huegemea pale, hufunga kamba za ng'ombe pale, akina mama wa chai huweka majiko yao pale. Veneranda aliigonga kwa nyundo, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya kugonga mzinga usio na nyuki. Alifukua kwa mikono. Hapakuwa na mti wa kutoboa. Chini ya udongo palikuwa na unga mtupu, na mchwa wanatembea ndani yake bila wasiwasi.

Wanawake waliondolewa, umeme ukakatwa, nyaya zikafunguliwa kwa ngazi ndefu iliyoletwa na gari la mkandarasi. Kisha fundi mmoja aliyekuwa amefunga kamba tayari kwa kuivuta aliweka bega lake kwenye nguzo ili ajaribu tu. Ikaenda. Mita tisa za mti zililala juu ya mabenchi, zikavunja mawili katikati, vumbi likainuka.

Mama mmoja mwenye ufagio alijishika kifua akasema, "Hilo benchi langu. Hilo ndilo benchi langu mimi."

Veneranda aliketi chini, pale pale kwenye vumbi na kinyesi cha ng'ombe. Alitaka kusali lakini hakupata maneno zaidi ya asante. Akalisema hilohilo moja, mara nyingi, kwa Kihehe na kwa Kiswahili, mpaka mzee Bartolomeo akaja akaketi chini kando yake, na magoti yake yale ya uzee, akavua kofia.

"Ishirini na tatu," mzee alisema. "Hiyo ndiyo ya ishirini na tatu, ukiacha ile ya kijana. Zimekwisha."

Bwana Rabson aliteremka mwenyewe siku iliyofuata. Alikanyagakanyaga ule unga kwa kiatu, akaangalia umati wa watu na ng'ombe uliojaa uwanjani, na wanawake wa chai wakimimina chai. Aliokota kipande cha mguu wa nguzo, akakifunga kwenye gazeti, akaondoka nacho. Kipo kwenye kabati la ofisi yake mpaka leo, na kila kibarua mpya huonyeshwa.

Miezi mitatu ilipokwisha Veneranda alirudi kazini, kwa sharti kwamba mwaka mzima atapima bila muhuri na mtu wa pili awe anashuhudia. Alilipokea sharti lile kwa moyo mweupe. Tena mwaka ulipokwisha na muhuri ukarudi mkononi mwake, aliomba utaratibu wa mtu wa pili usiondolewe. Rabson akaongeza lingine yeye mwenyewe: mkaguzi akipata dharura ya nyumbani, mkupuo unangoja. Malori yangoje, madereva wapige honi watakavyo. Na shirika la umeme, ambalo wengi walidhani litakimbia, liliendelea kununua. Ofisa wao alisema kiwanda kinachokiri ni rahisi kufanya nacho kazi.

Kashindye alipona, lakini mguu mmoja ulibaki mfupi, na nguzo hapandi tena. Mkandarasi alimpa kazi ya kupokea nguzo kwenye uwanja wao wa Chimala. Kila lori likifika, yeye huzipima nguzo upya kwa sampuli zake mwenyewe, kama vile hajawahi kumsikia Veneranda. Mwaka juzi alipiga simu.

"Dada, shikamoo. Ile ya juzi, namba sitini na moja, bluu imeishia njiani."

"Marahaba. Haiwezekani, nimepima mwenyewe mkupuo ule."

"Umepima ishirini. Hii haikuwamo."

Veneranda alicheka peke yake ofisini. "Umesema kweli. Irudishe, mdogo wangu. Na asante."

"Unashukuru kurudishiwa nguzo?"

"Nashukuru."

Jumatatu ya Pasaka ya mwaka jana walikutana wote Kihesa, nyumbani kwa mzee Bartolomeo. Veneranda alikuja na Zabron na Benedicta, ambaye sasa amemzidi mama yake urefu. Kashindye alikuja na mchumba, msichana wa Kibena anayefundisha shule ya msingi, na Sarah alikuja na nusu gunia la mchele wa Ubaruku ambao hakukubali mtu mwingine aupike. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu barazani, blanketi magotini, kwa sababu baridi ya Iringa haimhurumii mtu wa umri wake.

Veneranda alikuwa amepanga kusema. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa tangu Nyololo: kuhusu kibarua wa magome aliyepewa koti la mvua, kuhusu siku ile kwenye matuta ya maharage. Alisimama, akakohoa, watu wakanyamaza. Akamtazama mzee, kisha Sarah aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi, kisha kijana aliyenyoosha mguu wake mfupi juu ya stuli, na maneno yote yakamtoka.

"Mimi nilitaka tu kushukuru," alisema.

"Shukuru basi," mzee alisema.

"Sijui nianzie kwa nani."

Sarah alimpungia mwiko. "Anzia na kula, Mama Bene, wali unapoa. Huyu mzee hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, anawasubiri ninyi."

Benedicta akaenda kuleta maji ya kunawa, akaanzia kwa mzee.